UZI: Macho mekundu kwenye picha za flashi. Wapiga picha wa Tanga tuliweke sawa hili

MwangaWaNgamiani

Wakuu, salaam. Msimu wa harusi umepamba moto, na kila Jumatatu kwenye magrupu zinapita picha nzuri za bibi harusi zilizoharibiwa na mboni nyekundu. Majibu yanayotolewa huko yanapotosha watu: mara lenzi chafu, mara flashi za Kichina, mara bibi harusi hakulala. Hakuna hata moja lililo sahihi.

Chanzo ni hiki. Gizani mboni ya jicho hupanuka. Juani ina upana wa milimita 2 hadi 4, lakini ukumbini usiku inaweza kufika 6 hadi 8, na kwa watoto na vijana inapanuka zaidi kuliko kwa wazee. Flashi inamaliza kazi yake ndani ya milisekunde chache, ilhali mboni inahitaji karibu robo sekunde kabla hata haijaanza kusinyaa. Mwanga unaingia, unafika nyuma ya jicho kwenye retina na utando wenye mishipa mingi ya damu, kisha unatoka ukiwa mwekundu. Na jicho kwa maumbile yake linarudisha mwanga karibu kulekule ulikotoka. Lenzi ikiwa jirani na flashi, inaupokea. Ikiwa kando ya njia hiyo, mboni inatoka nyeusi kama kawaida.

Kwa hiyo tatizo ni pembe kati ya flashi, jicho la mtu na lenzi. Pembe ikishuka chini ya nyuzi 2.5 hadi 3 hivi, wekundu unaanza. Kanuni ya kukariri: kila mita 1 kati yako na mtu, flashi iwe angalau sentimita 5 kutoka katikati ya lenzi. Mita 2, sentimita 10. Mita 3, sentimita 15. Mita 6, sentimita 30.

Sasa pimeni vifaa vyenu kwa rula. Flashi inayoinuka yenyewe juu ya kamera ndogo za DSLR iko kama sentimita 8 hadi 10 juu ya lenzi, kwa hiyo usalama wake unaishia mita 2. Flashi ya kuchomeka juu, kama Godox TT600 au Yongnuo YN560, kichwa chake kiko sentimita 16 hadi 18, kwa hiyo ni mita 3 na kidogo. Simu ina sentimita 1 au 2 tu, hivyo haina umbali ulio salama.

Karibuni wenye maswali, na wenye ujuzi wachangie.

---

KijanaWaPongwe

Shukrani mkuu. Nina Canon 2000D na lenzi yake ya 18-55, sina flashi ya nje. Nikiwasha alama ya jicho kwenye menyu, watu bado wanatoka na macho mekundu. Hiyo alama inafanya nini hasa?

---

Shata_Chumbageni

Kijana, hiyo alama inawasha taa ndogo iliyo mbele ya kamera ili mboni isinyae kabla ya flashi kupiga. Inafanya kazi, ila wengi hawaipi muda. Kwa Canon, bonyeza batani nusu, taa itawaka, isubiri izimike kama sekunde moja na nusu, halafu malizia kubonyeza. Ukibonyeza moja kwa moja hadi chini, umepiga kabla mboni haijasinyaa. Kwa Nikon kamera yenyewe inachelewesha kama sekunde moja kisha inapiga.

Inashindwa kwa sababu tatu. Kwanza, mtu lazima aitazame ile taa, na kwenye picha ya watu kumi na wawili wanaoitazama ni watatu. Pili, taa yenyewe ni dhaifu, mtu akiwa mita 4 haimfikii vya kutosha. Tatu, watu wakiona taa imewaka wanadhani picha imeshapigwa, wanageuka au wanafumba macho. Waambie kabla: "Tulieni mpaka mwanga mkubwa upige."

Kwa mpangilio wako fanya hivi. Washa taa zote za chumba, hapo mboni imeshasinyaa bila wewe kuhangaika. Panda ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) mpaka 800. Flashi ya 2000D ina nguvu ya 9.2 kwa ISO 100, na umbali inaofika kwa mita unapatikana kwa kugawa namba hiyo kwa f, yaani namba ya tundu la lenzi. Kwa f/5.6 inafika mita 1.6 tu. Kwa ISO 800 unazidisha kwa 2.8, unapata mita 4.6. Faida kubwa ni kwamba ISO ikipanda, mwanga wa chumba nao unachangia picha, na flashi inapiga kwa nguvu ndogo.

Na usisogee mbali ukavuta kwa zumu. Hilo ndilo kosa linalofanya flashi ya ndani iwe mbaya: mtu yuko mita 4, lenzi iko milimita 55, pembe imebaki nyuzi 1.3. Sogea mpaka mita 1.5 hadi 2 kama ni picha ya kifua kwenda juu.

---

Raskazone_Picha

Naongeza kwenye hoja ya umbali, maana hata wenye flashi kubwa wananaswa hapa. Picha ya mwili mzima, kamera imesimamishwa wima, unataka fremu yenye urefu wa mita 2. Kwa kamera za kitambuzi kidogo kama hizo za Canon na Nikon za kuanzia:

Lenzi 50, unasimama kama mita 4.5.
Lenzi 35, kama mita 3.1.
Lenzi 24, kama mita 2.2.

Flashi iliyo sentimita 17 juu ya lenzi, kwa mita 4.5 inakupa nyuzi 2.2. Wekundu upo, hata kama flashi ni ya bei mbaya. Kwa mita 3.1 unapata nyuzi 3.1, umeponea chupuchupu. Ndiyo maana picha za bwana na bibi harusi wakiwa jukwaani, zilizopigwa kutoka mlangoni kwa 70-200, zina macho mekundu, na za karibu mezani hazina. Flashi ni ileile.

Picha za kundi la mistari mitatu ni vivyo hivyo. Mstari wa mbele wako salama, wa nyuma ndio wekundu, kwa sababu wako mbali zaidi na wamekaa penye kivuli.

---

Mkonge_Digital

Mimi bado nasimamia kwamba flashi za Kichina zina shida. Studio nyingi mjini waliohamia flashi za bei rahisi ndio wanaoleta macho mekundu.

---

FundiKamera_Bara15

Mkuu Mkonge, hapana. Taa ya flashi ya laki moja na ile ya laki nane zote ni xenon na mwanga wake ni mweupe uleule. Jicho halijui chapa. Kilichobadilika ni kwamba flashi nyingine za bei rahisi zina kichwa kifupi kisichogeuka kabisa, kwa hiyo mtu analazimika kupiga moja kwa moja usoni. Ukinunua, angalia kichwa kinainuka mpaka nyuzi 90 na kinazunguka kushoto na kulia. TT600 na YN560 vinafanya hivyo, na zote ni za Kichina.

Hapohapo niwaonye kuhusu flashi za enzi za filamu zinazouzwa kwa mitumba. Baadhi zina volti zaidi ya 200 kwenye mguu wake na zinaweza kuunguza saketi ya kamera ya kidijitali. Kabla ya kuchomeka, washa flashi, subiri taa ya utayari, weka multimita kwenye DC, waya mwekundu kwenye ncha ya katikati ya mguu, mweusi kwenye chuma cha pembeni. Ikisoma zaidi ya volti 6, usiichomeke kwenye kamera ya kisasa bila kuthibitisha kikomo chake kwenye kitabu chake.

Vile vikofia vya plastiki vyeupe vya kuvalisha flashi, navyo havitibu macho mekundu peke yake. Vinalainisha kivuli, lakini mwanga bado unatoka palepale juu ya lenzi. Vinasaidia tu kama kuna dari nyeupe ya kurudisha ule mwanga uliopanda juu.

---

DariNyeupe

Nashukuru fundi umetaja dari, maana hapo ndipo dawa kamili ilipo. Ukigeuza kichwa cha flashi juu, chanzo cha mwanga kinakuwa ile sehemu kubwa ya dari iliyoangaziwa, iliyo mita moja na nusu au zaidi kutoka kwenye lenzi. Pembe inapita nyuzi 20. Macho mekundu hayapo tena, na ngozi inapendeza kwa sababu mwanga umekuwa mpana.

Namna ya kuanza, chumba chenye dari nyeupe ya jipsam, kimo cha mita 2.7 hadi 3:

Kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), shata 1/100, f/4, ISO 800. Kichwa cha flashi nyuzi 60 hadi 75 kwenda juu, kidogo kuelekea mbele. Nguvu ya flashi 1/4. Piga moja, angalia. Giza, panda 1/2. Nyeupe mno, shuka 1/8. Tegemea kupoteza stopu 2 hadi 3 (kila stopu ni nusu ya mwanga) ukilinganisha na kupiga moja kwa moja, ndiyo maana ISO 100 haitakutosha hapa. Usielekeze nyuzi 45 kama mtu yuko karibu, kwa sababu ukingo wa mwanga unamfikia usoni moja kwa moja na wekundu unarudi.

Dari ikiwa juu kabisa ya kichwa cha mtu, macho yanaingia kivuli. Kata kadi nyeupe ya sentimita 10 kwa 15, ifunge kwa rababendi nyuma ya kichwa cha flashi, ichomoze juu kama sentimita 8. Inarudisha mwanga kidogo mbele na kuweka nukta ya uhai machoni.

Betri: nne za AA za kuchaji, aina ya NiMH, mAh 2000 kwenda juu. Zile za kaboni za redio zinakufa haraka na flashi inachukua muda mrefu kujaa kati ya picha na picha, halafu mpiga picha anakata tamaa anarudi kupiga usoni kwa nguvu ndogo.

Sasa uhalisia wa Tanga. Nyumba mpya za Mikanjuni na Raskazone zina jipsam nyeupe, hakuna shida. Nyumba za kale zenye boriti na dari ya juu sana, mwanga unamezwa. Hapo geuza flashi kwenye ukuta ulio nyuma yako au ubavuni, umbali wa mita 1 hadi 2. Ukuta wa kijani au waridi utapaka ngozi rangi hiyo, kwa hiyo tafuta ukuta mweupe, au mtu ashike shuka jeupe lililokunjwa mara mbili. Na harusi za uani chini ya turubai: turubai la bluu ni adui. Linampa bibi harusi ngozi ya mgonjwa, na kurekebisha kwa white balance hakufui dafu kwa sababu taa nyingine hazina bluu hiyo. Chini ya turubai la bluu au la njano, usipige dari. Toa flashi kwenye kamera.

---

BintiMakorora

Swali kuhusu hilo la mwisho kaka. Kwenye shughuli za kabla ya harusi kama singo na sendi-ofu tunapiga wenyewe akina mama, uani, usiku, turubai juu, hakuna ukuta wa karibu. Kuitoa flashi kwenye kamera kunafanyikaje kwa mtu asiye na msaidizi? Na vipi wenye simu tu?

---

Shata_Chumbageni

Dada, kwa TT600 unahitaji triga (kifaa cha kuamuru flashi kwa redio) moja tu ya Godox inayolingana na kamera yako, X2T ya Canon iwe C, ya Nikon iwe N. Ndani ya TT600 tayari kuna kipokezi. Hatua:

Triga ikae juu ya kamera. Kwenye flashi bonyeza batani ya alama ya radi mpaka kioo kionyeshe inapokea kwa redio. Weka namba ileile ya chaneli pande zote, tuseme 5, na kundi A. Kama kuna mpiga picha mwingine mwenye Godox kwenye shughuli hiyohiyo, kubalianeni chaneli tofauti, vinginevyo flashi zako zitapiga kila anapobonyeza yeye. Shata isizidi 1/200, ukizidisha utaona ukanda mweusi kwenye picha.

Flashi isimame kwenye stendi, kimo cha mita 2 hadi 2.2, pembeni mwa kiti cha bibi harusi, nyuzi 30 hadi 45 kutoka ulipo wewe, umbali wa mita 2 hadi 2.5. Nguvu 1/64 kwa ISO 800, f/4, kisha rekebisha. Stendi ibebeshwe uzito chini, chupa ya lita 5 iliyojaa maji inatosha, maana upepo wa baharini usiku hauna taarifa na watoto wanakimbia. Waya hakuna, hivyo huna wa kujikwaa.

Bila msaidizi na bila stendi, tumia mkono wa kushoto. Flashi mkononi, mkono umenyooka pembeni na juu, inakuwa kama sentimita 60 kutoka kwenye lenzi. Kwa kanuni ya mwenye uzi, hiyo inakubeba mpaka mita 12. Kamera inashikwa na mkono wa kulia, kwa hiyo lenzi iwe nyepesi.

---

MwangaWaNgamiani

Kwa simu, dada Makorora: zima flashi ya simu unayopigia. Mwenzako awashe tochi ya simu yake, asimame hatua moja pembeni yako, ainue juu ya kichwa chake, na aifunike kwa tishu nyeupe mara moja ili isichome macho. Mwanga unaowaka muda wote unasinyaza mboni kabla hujabonyeza, na uko mbali na lenzi. Mambo mawili kwa mpigo. Mpigwaji atulie, kwa sababu simu itaongeza muda wa kufungua usiku na atatoka na ukungu akitikisika.

Taa ya duara ya LED nayo inafaa kwa sababu hiyohiyo, inawaka mfululizo. Ila msichanganye na flashi ya duara inayofungwa kwenye lenzi kwa picha za vitu vidogo. Hiyo inazunguka lenzi kabisa, ukiipigia mtu aliye mita 3 usiku utapata wekundu mkali.

---

Muongozaji_Amboni

Nami nina swali la mapangoni. Wageni wanaoingia Mapango ya Amboni wanatoka na macho mekundu kuliko picha yoyote ya harusini. Sababu ni giza tu?

---

Raskazone_Picha

Giza ndiyo sababu kuu. Akikaa dakika chache ndani, mboni imefunguka mpaka mwisho wake. Na wageni wengi wana macho ya bluu au kijani. Kwa watu hao rangi nyeusi ya asili nyuma ya jicho ni ndogo, kwa hiyo mwanga unaorudi ni mwingi na mwekundu zaidi. Kwetu wenye macho meusi unatoka hafifu, kama rangi ya damu ya mzee, lakini unatoka.

Mapangoni fanya hivi: mwanga wa tochi mbili uelekezwe ukutani karibu na mgeni, siyo machoni, sekunde tano kabla ya kupiga. Jiwe la chokaa la pale lina rangi ya kijivu na kahawia, linarudisha mwanga kiasi, kwa hiyo flashi ya kugeuzwa ukutani inafanya kazi kwenye vyumba vyembamba, ISO 1600, f/4, nguvu 1/2. Rangi itaelemea njano kidogo, inarekebishika. Kwenye vyumba vikubwa vyenye dari ya juu usipoteze betri, shika flashi mkononi. Na palipo na popo wengi, msipige flashi kuelekea juu.

---

KijanaWaPongwe

Tumeelewa kuzuia. Sasa picha zimeshapigwa na mteja anazitaka kesho. Ile zana ya jicho ya Photoshop inaacha mboni za kijivu kama za samaki. Kuna njia nyingine?

---

DariNyeupe

Ipo, na ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote. Picha ya kidijitali ina chaneli tatu: nyekundu, kijani, bluu. Jicho jekundu limeharibika kwenye chaneli nyekundu tu. Fungua Channels, bonyeza Green peke yake, utaona mboni ni nyeusi safi na ile nukta nyeupe ya uhai ipo palepale. Kwa hiyo usipake rangi nyeusi juu. Toa taarifa ya chaneli mbili nzima uiweke kwenye ile iliyoharibika.

Kuza picha mpaka asilimia 200 au 300. Chukua Elliptical Marquee, zungushia mboni moja, shikilia Shift uongeze ya pili. Chagua duara lako lizidi ukingo wa wekundu kwa pikseli 1 au 2, kwa sababu JPEG huhifadhi rangi kwa ubora mdogo kuliko mwangaza, na wekundu huvuja nje kidogo ya mboni. Ukiacha hapo, utabaki na pete nyekundu nyembamba. Kisha Select, Modify, Feather, pikseli 1 kwa sura ndogo, 2 au 3 kwa sura iliyojaa fremu. Kisha Layer, New Adjustment Layer, Channel Mixer. Output iwe Red, halafu Red 0, Green 50, Blue 50. Basi. Mboni imekuwa nyeusi, nukta nyeupe haijaguswa, na duara la kahawia linalozunguka mboni limebaki.

Ikiwa mboni bado inaonekana ya kijivu, ongeza Curves juu ya uchaguzi huohuo na shusha katikati kidogo. Usishushe mpaka sifuri. Mboni halisi kwenye picha ni nyeusi yenye uhai, siyo shimo.

Kuhusu zana ya Red Eye yenyewe, iko kwenye kundi la Spot Healing Brush, herufi J. Inaanza na Pupil Size asilimia 50 na Darken Amount asilimia 50. Samaki unaowaona wanatokana na Pupil Size kubwa mno inayomeza duara la kahawia. Shusha Pupil Size mpaka 20 au 30, Darken panda 60, na badala ya kubofya, buruta mstatili mdogo kuzunguka jicho moja moja. Isipobofyeka kabisa, angalia Image, Mode. Inafanya kazi kwenye RGB tu, na wengine huwa wameshageuza CMYK (rangi za kuchapia) kwa ajili ya kadi za mwaliko.

---

FundiKamera_Bara15

Wasio na Photoshop: GIMP ni bure. Chagua jicho kwanza kwa Ellipse Select, halafu Filters, Enhance, Red Eye Removal. Slaida ya Threshold ipandishe na kuishusha mpaka wekundu uondoke bila kugusa kope. Msiitumie bila kuchagua jicho kwanza, maana itapita picha nzima na kupunguza nyekundu kwenye midomo, hina na kanga. Kosa hilohilo hufanywa na mashine za kusafishia picha zenye marekebisho ya macho ya kujiendesha. Kama umeshayarekebisha mwenyewe, mwambie mwenye mashine aizime, vinginevyo herini nyekundu inaweza kurudi na doa jeusi.

Kwenye simu, Snapseed: ingia Brush, chagua Saturation, shusha mpaka mwisho, kuza uso mpaka jicho lijaze kioo, kisha pitisha kidole ndani ya mboni tu. Brashi haina kipimo cha ukubwa, ukubwa wake unafuata ulivyokuza. Halafu rudi uchague Exposure ya kushusha, pitisha mara moja. Ruka nukta nyeupe.

Picha za zamani za karatasi: skani kwa dpi 600, rangi bit 24, safisha kioo cha skana kwanza, halafu fuata njia ya chaneli. Rangi za karatasi zilizochakaa huwa zimeelemea nyekundu picha nzima, kwa hiyo sawazisha rangi ya picha nzima kabla ya kugusa macho.

---

NesiWaMacho

Naomba niingilie kwa jambo linalohusu afya, nanyi wapiga picha mko mahali pazuri pa kuliona.

Wekundu wa macho yote mawili siyo ugonjwa. Unaonyesha njia ya mwanga ndani ya jicho ni safi. Kinachotakiwa kuwashtua ni mtoto ambaye jicho moja ni jekundu au jeusi kama kawaida na jingine linatoka jeupe au la njano, kwenye picha zaidi ya moja. Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, au saratani ya retina iitwayo retinoblastoma, ambayo huwapata zaidi watoto chini ya miaka 5. Ikiwahiwa inatibika, na kuwahi ndiko kunakookoa maisha na mara nyingine jicho lenyewe.

Mara nyingi weupe wa picha moja hauna neno. Mtoto akitazama upande wa pua kwa nyuzi kama 15, mwanga unaangukia mahali mshipa wa fahamu wa jicho unapoingilia, na pale ni peupe. Ila kazi ya kutofautisha siyo yenu wala ya mzazi. Msilifute kimyakimya kwenye kompyuta. Mpeni mzazi picha ya asili kabla ya kurekebishwa, mwambieni kwa upole amwahishe mtoto hospitali ya Bombo au kituo chochote chenye huduma ya macho, na picha aende nayo. Wanaohitaji zaidi hupewa rufaa kwenda hospitali kama Muhimbili au KCMC.

Vilevile, jicho moja kuwa jekundu zaidi ya jingine kila picha kunaweza kuwa dalili ya kengeza au tofauti ya nguvu za macho. Nalo likapimwe.

---

BintiMakorora

Ahsante sana nesi, hili wengi hatukulijua. Picha za asili tusizifute basi.

---

MwangaWaNgamiani

Nesi, shukrani za dhati. Mwenye studio yoyote anayesoma hapa, hifadhi nakala asili kila mara, uhariri ufanyike kwenye nakala.

---

KijanaWaPongwe

Mbili za mwisho. Paka aliyekaa mapajani kwa mwenye nyumba ametoka na macho ya kijani yanayowaka, zana haimgusi. Na picha ya pasipoti ikitoka na wekundu, inarekebishwa?

---

Raskazone_Picha

Paka, mbwa, mbuzi na ng'ombe wana tabaka la kuakisi mwanga nyuma ya retina, binadamu hana. Ndiyo maana rangi inakuwa kijani, njano au bluu, na zana inayotafuta nyekundu haioni kitu. Njia ya chaneli nayo haitoshi hapo, maana mng'ao umeunguza chaneli zaidi ya moja. Lightroom ina chaguo la Pet Eye ndani ya zana ya macho. Bila hiyo, chagua mboni, tumia Hue/Saturation, Saturation -100, Lightness -80 hivi, kisha chora nukta nyeupe ndogo mahali flashi ilipogonga, upande uleule kwa macho yote mawili.

Pasipoti, rudia kupiga. Usihariri macho kwenye picha ya utambulisho. Kupiga upya ni dakika mbili: mtu mita 1.5 kutoka kwenye kamera na mita 1 kutoka kwenye pazia, taa ya chumba imewashwa, flashi mbili kwenye stendi kushoto na kulia nyuzi 45, kimo cha macho au juu kidogo, nguvu sawa. Mwenye flashi moja aigeuze dari, na mteja ashike karatasi nyeupe ya A3 usawa wa kifua, nje ya fremu, kujaza kivuli cha kidevu.